Puare Nyekundu Kando ya Binokuleri

Wadogo zangu,

Siku niliyokuja kuaga, mmoja wenu, yule mrefu anayecheka kabla ya kusema, aliniuliza: "Ya Numbi, dada yetu, juu ya nini kuko puare mbili pa etajeri? Moja nyeusi, moja nyekundu. Ile nyekundu hatuone mutu anaitumia." Nikaitazama ile rafu, nikafungua mdomo niseme sababu. Papo hapo Shefu akaingia, lori la mchanga likapiga honi nje, ndizi zikaletwa, nikasahau. Ndivyo nilivyo mimi. Nikisimama hapa, tayari naona mahali pengine pa kusimama. Basi nawaandikia, maana kwenye karatasi siwezi kukimbia mbali sana, ingawa tangu nianze barua hii nimeshainuka mara mbili kwenda kufunua chungu kisicho na kitu ndani.

Najua mtacheka mkisikia nasema nimestaafu, mtu ambaye hata mvi hana. Lakini miaka kumi na minne nimeinamisha shingo juu ya ile mashine, na shingo yangu imestaafu kabla yangu. Asubuhi inalia kama mlango wa dispanseri. Tena kuna njia ya reli inayokwenda Dilolo, na ng'ambo ya Dilolo kuna Angola, na mimi tangu utotoni nikisikia treni naona kama imeniita jina. Dada yangu anauza samaki wa kukaushwa kule mpakani. Nitaanza na samaki, halafu tutaona.

Lakini kwanza kaeni. Si hivyo. Kiti kisogee mpaka macho yakute vioo bila wewe kunyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji. Mimi sikufanya hivyo miaka ya mwanzo, na ndiyo maana leo nageuza kiwiliwili kizima nikitaka kumsalimia jirani. Mgongo wima. Viwiko juu ya meza. Na miguu chini, yote miwili, imetulia.

Hilo la miguu lilikuwa vita yangu. Ile mashine ni hadubini ya macho mawili, sisi tunaiita binokuleri. Si ile ya hospitali inayotafuta vijidudu vya malaria. Hii inakuza kidogo tu, mara kumi, mara ishirini, mara arobaini, lakini inakuonyesha kitu kwa macho yote mawili, kwa hiyo jiwe linakuwa na tumbo na mgongo, na unaona kabisa ni wapi sindano yako itaingia. Sasa wewe ukitikisa goti chini ya meza, huko juu mawe yanacheza ngoma. Nami goti langu halijawahi kutulia tangu nizaliwe.

"Weye mama," Tata Banza aliniambia siku ya kwanza, "miguu yako iko na nini? Iko na deni ya fundi viatu?"

"Hapana, Tata. Inapenda tu kutembea."

"Basi iambie itembee ku nyumba. Hapa mawe njo yanatembea, siye tunakaa."

Niwaambie kwanza huyu Tata Banza alikuwa nani, kwa sababu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa upande wa Manono, mzee wa kanisa la Waprotestanti, mfupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo hata jua likiwa kali. Yeye ndiye alikuwa jicho la laboratwari yetu. Mnajua kazi ya Kingamyambo: mchanga wa zamani uliotupwa na mitambo ya zamani unachimbwa tena, unasagwa tena, unaoshwa tena, ili shaba na kobalti zilizobaki zitoke. Lakini nani atasema kama zimetoka? Watu wa kemia wanasema kiasi. Tata Banza alisema sababu. Walimletea mchanga unaokwenda kutupwa, umekauka, anaumwaga kwenye kisahani, anaangalia chembe mia. Chembe ngapi ni kijani tupu, yaani shaba? Hizo zimeponyoka, mitambo imelala. Ngapi kijani chake kimefungwa ndani ya jiwe jeupe? Hizo zinasema kinu kisage zaidi. Watu wakubwa kwenye mitambo walisubiri neno la yule mzee mfupi kabla ya kugusa kitu.

Mimi niliingia pale na fagio. Shule yangu iliishia sekondari ya pili. Nilikuwa nafagia, nafuta meza, nabeba ndoo za mchanga, na nikipita nyuma ya Tata Banza nilisikia anaimba nyimbo za kanisa kwa pua huku mkono wake ukidondosha vitu kwenye vikopo: toc, toc, toc. Punje ya muhindi kwa chembe ya kijani tupu, haragwe kwa ile iliyofungwa, karanga kwa jiwe la bure. Hivyo hakuondoa macho kwenye vioo hata kidogo, na mwisho alihesabu vikopo. Karanga zilikuwa na hatari yake. Nilimwona siku moja amemaliza kisahani, anageuka, anatafuna.

"Tata, ile haikuwa hesabu?"

Akaacha kutafuna. Akaangalia kikopo. Akarudia kisahani kizima kuanzia mwanzo, na tangu siku hiyo akaweka mawe madogo badala ya karanga.

Siku aliyoniruhusu kuangalia, nilikuwa nimeuliza mara nyingi kiasi kwamba alichoka. "Kuya, angalia, halafu uende zako." Niliangalia. Niliona vitu viwili vya duara vinapigana, kimoja kushoto, kimoja kulia. Nikasema uongo, kwamba nimeona. "Bongo hiyo," akasema, "haujaona kitu. Macho yako imeachana kupita yangu." Akashika mirija miwili ya juu, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua kitabu kilicholowa, mpaka zile duara mbili zikaingiana, zikawa moja.

Mama yangu! Nilikuwa juu ya mji. Milima ya kijani imechongwa kama sabuni, mawe meupe yanapitisha mwanga, weusi wa kobalti unang'aa kama mkaa uliolowa. Nikapiga kelele: "Tata, iko muji! Kuko na mabarabara!" Nikanyoosha mkono kushika, kidole changu kikaingia kikubwa kama kiboko, kikavuruga mji wote.

Tata Banza alikasirika, lakini nilimwona anaficha kicheko. Tangu siku hiyo nilitaka kile kiti. Nilikitaka wakati nafagia, wakati napika, wakati nasali. Mnajua mtu asiyetulia akipata kitu kimoja cha kumtuliza? Dakika nilizokaa pale ndizo dakika pekee goti langu lilinyamaza lenyewe, bila kuambiwa.

Akaanza kunifundisha mchana, wakati wengine wanakula. Jicho la kulia kwanza, geuza kirungu cha pembeni mpaka jiwe likae wazi. Kisha funga la kulia, na kwa jicho la kushoto usiguse tena kirungu, geuza pete ya mrija wa kushoto peke yake. Wengi wenu mnaruka hiyo pete, halafu saa kumi kichwa kinauma mnasema ni jua. Anza na ukubwa mdogo, utafute njia, ndipo ukuze. Taa iwekwe pembeni, chini, ili kila chembe itupe kivuli chake; taa ya juu moja kwa moja inafanya mawe yote yafanane. Ukiibeba mashine, mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya kitako, kama mtoto mchanga. Na kirungu kikikaza, usikilazimishe.

"Mi nilikilazimisha," alinikiri. "Nilikuwa kijana. Kikakaza, nikasema, kwetu kila kitu kikikauka, dawa ni mawese. Nikatia mawese."

"Kikalegea, Tata?"

"Kililegea muzuri sana. Kesho yake naangalia mu vioo naona munyama mukubwa sawa mbuzi, iko na meno. Siafu. Zilifuata mafuta. Zilikuwa zinapanda mulima wangu, moja nyuma ya nyingine." Akatikisa kichwa. "Nilikimbia mpaka ku mulango."

Mvua zikianza, msiifunike kwa nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani, na ndani ya vioo kunaota ukungu, nyuzi nyuzi kama za buibui, na zile hazifutiki. Funika kwa kitambaa cha pamba, uweke ndani ya kabati lenye ampuli ndogo ya taa inayowaka ili ikaushe hewa. Ampuli ile si ya kusomea. Nawajua.

Lakini juu ya yote, vumbi. Vumbi letu si vumbi la watu wengine. Ni jiwe lililosagwa. Ukifuta kioo kikavu, hata kwa kitambaa laini, unakikwaruza kama unakwangua sufuria. Kwa hiyo kwanza upulize. Na usipulize kwa mdomo, mdomo una mate. Unapuliza kwa puare.

Hapo niliruka nyuma. Mnaijua puare: kile kifuko cha mpira chenye umbo la parachichi na mdomo mwembamba, ambacho kila mama wa kwetu anacho nyuma ya mlango. Tumbo la mtoto likifunga, anakijaza maji ya kumtia mtoto nyuma, na yanayofuata kila mmoja wetu anayakumbuka. Mimi na kaka zangu tukiona mama ameshika puare tulitawanyika mpaka mtaa wa tatu. Na hapa mzee wa kanisa anaitoa kwenye droo kwa heshima, nyeusi, mpya, anapuliza kioo: fuu, fuu.

"Unaogopa nini?" akaniuliza. "Hii haijaona mutoto. Niliinunua mupya, na haitaona mutoto."

Kioo kikubwa cha chini cha ile mashine kilikuwa na mikwaruzo pembeni, mitatu au minne, kama kucha za paka. Niliuliza nani aliifanya. Tata Banza akafunga shati lake ambalo lilikuwa limeshafungwa. "Batu," akasema. Hakusema watu gani.

Sasa fikeni nami siku yenyewe. Tata Banza alikuwa anarudi kwao, na Shefu wetu wa wakati ule, Shefu Mwepu, alikuwa tayari amepata mtu wa kumrithi, kijana wa diploma kutoka Lubumbashi. Tata Banza akamwendea ofisini. Sikusikia waliyosema, nilifagia mbele ya ule mlango mpaka saruji ikalia, lakini alipotoka aliniambia: "Kesho asubuhi, bisahani bitatu. Mi nitahesabu, weye utahesabu, Shefu atasimama pale. Hesabu yako ikipatana na yangu, kiti ni yako. Ikikosana, shika fagio yako, tusisumbuane na Mungu tena." Kisha akatoa puare nyeusi kwenye droo, akaniwekea mkononi. "Kuanzia leo unailinda weye."

Alimaanisha niilinde mle mle laboratwari. Mimi niliielewa kama mtu aliyekabidhiwa mwenge. Niliitia kwenye mkoba, nikaenda nayo nyumbani Musonoi, nikitembea kwa miguu ili safari iwe ndefu.

Jirani yangu, Mama Solange, alikuwa amekaa mlangoni na binti yake mchanga magotini. Mtoto alikuwa hajapata choo siku tatu. Alilia ile sauti ya mtoto aliyechoka kulia. Bibi yake alikuwa amesimama na kikombe cha maji tayari, na puare yao ilikuwa chini, imepasuka kama kiatu cha zamani.

"Numbi, mudogo yangu," Mama Solange akasema, "umepita soko? Iko wazi bado?"

Lilikuwa limefungwa. Nilijua lilikuwa limefungwa. Na mkoba wangu ulikuwa unaniunguza ubavu. Nilisikia Tata Banza kichwani: haitaona mutoto. Halafu mtoto akanyamaza kidogo, akaniangalia kwa macho yaliyovimba, akaanza upya.

Wadogo zangu, ningefanya nini?

Baada ya nusu saa uwanja mzima ulipiga vigelegele. Sijawahi kuona kinyesi kinashangiliwa namna ile. Mwanamume aliyekuwa anapita kwa pikipiki alisimama akauliza ni harusi ya nani. Bibi aliiosha puare, akaichemsha, akaipangusa na kitambaa safi, akanirudishia kwa mikono miwili pamoja na baraka. Niliipuliza mkononi? Hapana. Niliibinya nisikie kama ina maji? Hapana. Nilikuwa nimejaa furaha, na mtu mwenye furaha haangalii ndani ya mdomo wa puare.

Asubuhi Shefu Mwepu alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Alikuwa mtu mkubwa, msafi, na hanjifu nyeupe iliyokunjwa mfukoni mwa koti. Tata Banza alikuwa amemaliza visahani vyake vitatu mapema na kuandika hesabu kwenye karatasi aliyoikalia. Nikakaa. Miguu chini. Nikatoa puare kama askari anavyotoa bunduki. Nikapuliza vioo vya macho, viwili, kwa nguvu. Nikainama nikapuliza kioo kikubwa cha chini. Fuu! Nikaweka macho.

Moto!

Jicho la kulia liliwaka kama nimelichoma na ukuni. Nilipiga ukelele, nikaanguka na kiti. Machozi, kamasi, vyote. Shefu akafikiri ni woga. "Mama, kama hauwezi, sema tu hauwezi."

Tata Banza alikuwa ameinama juu ya mashine. Kwenye vioo kulikuwa na matone, ya rangi ya chai nyepesi. Akanusa. Akagusa tone moja kwa kidole, akaweka kidole ulimini. "Tangawizi hii," akasema polepole, kama anavyosoma jiwe. Akaonja tena. "Na chumvi. Na… pilipili! Numbi, hii puare ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa ku Musonoi, Tata."

"Ku Musonoi ilienda kufanya nini?"

"Ilienda kusaidia mutoto."

"Kusaidia mutoto namna ga…"

Kidole kilikuwa bado mdomoni. Nilimwona kwa jicho moja akikitoa, akikiangalia, kisha akitembea, bila haraka, mzee wa kanisa, mpaka kwenye bomba, akafungua maji yote.

Ilikuwa imechemshwa, nilipiga kelele nyuma yake, bibi aliichemsha! Lakini alikuwa anasukutua na hakunisikia. Sasa ninyi mnajua: kifuko chenye mdomo mwembamba ukikichemsha, kinabaki na maji tumboni, na punje za pilipili zinakaa ukutani zinasubiri. Na zaidi ya hayo, manesi wanakataza pilipili kwa mtoto, nami nakataza pamoja nao. Bibi alitaka kumponya, lakini yale yaliyoniunguza jicho yalimuunguza yule mtoto kwanza, na hilo lilinikaa rohoni kuliko jicho.

Na hapo ndipo ilipotokea. Shefu Mwepu, mtu msafi, aliona kioo kimechafuka. Akatoa hanjifu yake nyeupe, akaikunjua, akainamia kioo kikubwa. Kioo kilichojaa vumbi la kinu chote na matone ya chumvi. Niliona kwa jicho langu moja lililobaki ile hanjifu inashuka.

Pa!

Nilimchapa mkono. Kwa nguvu. Hanjifu ikaanguka chini.

Shefu akanigeukia.

"Umenipiga?"

"Nimepiga mukono, Shefu. Weye sikukupiga."

Nikajua kiti kimekwenda. Basi, nikasema moyoni, kama kimekwenda, angalau kioo kibaki. Nikaenda bombani, Tata Banza akanipisha, nikaosha jicho kwa maji mengi, mengi sana, mpaka shati likalowa. Nikaosha mikono kwa sabuni mara mbili. Nikarudi, nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Nanyi mfanye hivi: karatasi ya vioo, ile nyororo, ikunje usishike sehemu itakayogusa. Tone moja la maji yaliyochujwa, kwenye karatasi, kamwe si kwenye kioo, maana yatapenya pembeni. Ilaze juu ya kioo, usisugue, iache inywe chumvi, iinue. Nyingine mpya, tena. Chumvi ikishayeyuka yote ndipo tone la alkoholi, na uzungushe kuanzia katikati kwenda nje, mara moja, karatasi itupwe. Nilitumia karatasi kumi na moja. Nilisikia Shefu anapumua nyuma yangu kila mara niliponyoosha mkono kuchukua nyingine.

Nilipomaliza kioo kilikuwa cheusi na safi kama maji ya kisima. Na mikwaruzo ile ya paka pembeni, ile ile ya zamani, hakuna mpya.

"Sasa hesabu," Shefu akasema.

"Shefu, jicho yake…" Tata Banza akaanza.

"Hesabu."

Nilihesabu kwa jicho moja. Cha kwanza kilipatana na cha Tata Banza, punje kwa punje. Cha pili tulitofautiana kwa mbili. Cha tatu kilinishinda. Zilikuwamo chembe nyingi za kijani ambazo kwa macho mawili ningeziona kama ni tunda zima au ni ganda tu, ngozi nyembamba ya kijani juu ya jiwe jeupe. Kwa jicho moja dunia ni ukuta. Nilizigeuza kwa sindano, nikasogeza taa nisome vivuli, nyingine zikanijibu. Kumi na saba hazikunijibu. Sikuwa na kikopo chao. Nikachukua kifuniko cha chupa ya soda, nikadondosha mle vifungo, pini, kila nilichokuta.

"Hii ni nini?" Shefu akauliza.

"Hizi sijui, Shefu."

"Haujui?"

"Na jicho moja siwezi kujua. Nikisema, nitakuwa nasema bongo. Na bale ba mulini, ba ku kinu kule, batasaga juu ya bongo yangu."

Shefu akaokota hanjifu yake, akaikung'uta, akaigeuza. Akauangalia mkono wake, palipokuwa pekundu bado. Kisha akainama akakiangalia kile kioo cha chini, karibu sana, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani na kumkuta anafanana naye.

"Tata Banza. Hii mikwaruzo nani aliifanya?"

Mzee akashika kifungo cha shingo. "Batu, Shefu."

"Batu gani? Mi nimefuta hii kioo mara ngapi na hii mushuwari yangu?"

"Mara… mara mingi, Shefu. Kila ukileta bageni."

"Na weye ulikuwa unaona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Weye uko Shefu," Tata Banza akasema kwa sauti ndogo sana. Nilitamani kumshika mkono. Mtu aliyenifundisha kila kitu kuhusu kile kioo, na miaka yote alikaa kando akiona kinakwaruzwa.

Shefu Mwepu akaweka hanjifu mfukoni. "Ule kijana wa Lubumbashi asisumbuke kuja," akasema. "Kiti, mupe ule anapiga mukono." Alifika mlangoni akageuka. "Na weye mama, jicho ikipona, rudia kisahani cha tatu. Nataka kujua hizo kumi na saba."

Nilizirudia siku tatu baadaye. Kumi na mbili zilikuwa ganda tu. Kile kifuniko cha soda ndicho baba wa kile kikopo cha nne mnachokiona mezani, msikiondoe. Tata Banza aliondoka juma lililofuata, na siku ya kuagana alinishika mkono uliompiga Shefu, akaukamata muda mrefu, akaondoka bila kuimba.

Na Shefu? Asubuhi baada ya mimi kurudia kisahani cha tatu, alikuja na kifuko cha karatasi, akatoa puare mpya, nyekundu kama nyanya, akaiweka pa etajeri mbali na ile nyeusi. "Ile nyeusi ni ya kioo. Hii ni ya batoto. Mutu asichanganye." Akaenda zake. Sijui aliinunua wapi wala alimwambia nini muuzaji. Yule binti wa Mama Solange siku hizi ni mrefu kuliko mimi, ananisalimia kwa adabu, na hajui ni kwa nini nikimwona nacheka.

Basi sasa mnajua. Nyeusi: ibinye kwanza kwenye kiganja chako, kila asubuhi, hata kama uliilalia. Nyekundu: maji safi ya vuguvugu tu, hakuna pilipili, na siku tatu ni nyingi, mwambieni mama aende kwanza dispanseri. Akigonga mlango amebeba mtoto, mpeni, msimuulize maswali mengi. Na akija mkubwa wenu ameshika hanjifu, mnajua la kufanya.

Kisha mrudi mkakae. Miguu chini. Yangu imeshasimama.

Dada yenu,
Numbi